Majani ya Kitaliano ya Mzee Fulgence

Mtaa mzima wa Mlabani, pale Ifakara, ulimwita Mzee Fulgence "Mtaliano", naye aliitika bila haya. Ukimtazama alikuwa Mndamba mtupu, mweusi tii, miguu imepinda kidogo kwa kukulia kwenye mtumbwi. Italia yenyewe aliijua kwa picha moja ya kalenda, iliyokuwa imeganda kwa mafuta kwenye ukuta wa jiko la nyumba ya wageni ya misheni. Katika jiko hilo alipika tangu ana nywele mpaka akabaki na kipara. Makaroni, lazanya, nyama ya kusaga na nyanya, vyote vilipita mikononi mwake. Wazungu waliokuja kuhesabu mbu kule Namawala walikula, wakafuta sahani kwa mkate, wakapiga naye picha, wakaenda zao. Mbu wakabaki.

Mtu mmoja hakuwahi kuonja upishi huo hata kijiko: mke wake, Justa.

Jambo hilo lilikaa ndani ya nyumba miaka na miaka bila kusemwa. Liliamka siku Padre Amedeus alipokuja kuwaandaa kwa jubilei yao ya ndoa. Padre alikuwa kijana, ndevu ndo kwanza zinatafuta njia, lakini alikuwa makini na kazi yake.

"Kwa hiyo, Mama Noela," alisema, "Jumapili ile nitakuuliza tena mbele ya watu, kama ulivyoulizwa ujanani. Unamkubali Fulgence?"

"Itategemea, Padre."

"Itategemea nini, mama yangu?"

"Makaroni."

Fulgence akacheka. Akagundua anacheka peke yake, akaacha.

"Huyu baba," Justa akaendelea, mikono imetulia mapajani, "amewapikia Wazungu tangu mimi nina kiuno. Mimi nimemsongea ugali, nimempikia wali, nimemchemshia mlenda, yeye anakula, anapangusa mdomo, analala. Hata siku moja hajanipikia. Hata masazo hajaniletea. Sasa nataka kula walichokula wao, kwa mkono wake. Nikila, nitajua kama hapa nilikuwa mke au mpishi wa mpishi. Nisipokula, Jumapili nitasimama pale mbele ninyamaze, na kwaya iimbe mpaka ichoke."

Padre akaangalia dari. Seminari walikuwa wamemfundisha vizuizi vyote vya ndoa, lakini makaroni hayakuwemo.

Usione Fulgence aliduwaa ukadhani ni ubahili. Mzee alikuwa na siri. Yeye mwenyewe hakuwahi kula chakula kile. Mara ya kwanza alipojaribu, alihisi anameza chango waliopakwa gundi, na jibini la juu lilimnukia soksi za mlinzi. Tangu siku hiyo alionja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema, akapakua. Kazi ikiisha alivuka mitaa mbio, tumbo linalia, anawahi mlenda wa Justa. Hakuwahi kumletea mkewe chakula kile kwa sababu ileile ambayo mtu hamletei mkewe nge. Lakini leo hii ungemwelezaje? Ingeonekana ni visingizio. Halafu Mtaliano asiyeweza kumeza makaroni! Mlabani ingemla mzima.

Basi akaamua kupika, Jumamosi ya mkesha wa jubilei.

Makaroni yako kila duka, na nyanya za Mkula hazina shida. Tatizo lilikuwa majani. Bruda Renato, Mtaliano wa kweli aliyemfundisha kazi, kila akirudi likizo alileta kopo la majani makavu yaliyosagwa. Ukilifungua tu, jiko zima lilinukia sikukuu. Bruda alikuwa akisema bila majani yale, makaroni ni tambi za wafungwa. Sasa Bruda amelala makaburini, na kopo liliisha zamani.

Binti yao, Noela, aliyeolewa Kidatu, akampigia simu. "Baba, mahangaiko yote ya nini? Nikununulie ya pakiti supamaketi?"

"Mama yako ameomba mkono wangu, hajaomba wa kiwanda."

"Haya, Mtaliano."

Fulgence akaingia kazini. Mrehani ulikuwa uani kwake mwenyewe. Justa alikuwa na kichaka cha kivumbasi mlangoni cha kufukuzia mbu, na pembeni yake mrehani, ambao ni binamu yake kivumbasi, ila huyu amesoma. Oregano, jani dogo la harufu ambalo Bruda aliwahi kulipanda, aliikuta nyuma ya tangi la maji la misheni, imegeuka pori, masista wakamwambia achume mpaka achoke. Rozmeri aliipata saluni, kwa msichana anayewapaka wenzake mafuta ya jani hilo kukuza nywele. Msichana alimpa, lakini alikiangalia sana kile kipara, akajiuliza babu anategemea muujiza gani.

Alichuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali, kwa sababu jua kali hula harufu na kukuachia rangi tu. Akasuuza, akakung'uta, akafunga vishada, akavining'iniza vichwa chini kwenye ukumbi, kivulini, hewa ipite. Hivyo ndivyo Bruda alivyomwelekeza. Bruda alisahau kutaja masika.

Na masika ile ilikuwa masika kweli. Mto Lumemo ulikuwa umevimba, barabara zimekuwa uji, hata chumvi kabatini ilikuwa inalia machozi. Vishada vilining'inia siku baada ya siku na badala ya kukauka vikalainika kama matambara. Mwisho mrehani ukaota manyoya kama kifaranga. Justa akapita chini yake, akainua macho.

"Baba Noela, naona Italia inafuga."

Akatupa, akachuma upya. Jumamosi ilikuwa imeshapiga hodi. Sasa mtu wa bonde la Kilombero akiwa na kitu kibichi na mbingu zinavuja, anafikiri jambo moja tu, na hafundishwi: kichanja cha moshi. Huko hukaushwa samaki, na masika ikizidi huko huko hukaushwa mbegu za mahindi, viatu, hata sare za shule. Jirani yao, Bernadetha, alikuwa na banda la kukaushia samaki, nyavu za waya ghorofa mbili, moto mdogo usiozimika.

"Shemeji, nipe kona," Fulgence akaomba, beseni la majani kwapani.

"Ya juu ipo. Chini wamelala kambale." Bernadetha akachungulia beseni. "Ila hawa Wataliano wako na kambale wangu wataelewana?"

"Wote Wakatoliki."

Majani yakakauka kwa raha. Ulikuwa ukiyagusa yanalia kama karatasi. Fulgence akayasugua kwa viganja, akaondoa vijiti, akachekecha kwa chekeche la unga. Vitunguu saumu alivyokuwa amevikata vyembamba na kuvikausha hapohapo akavitwanga, akachanganya vyote. Mrehani na oregano aliweka kwa ukarimu, rozmeri kidogo, maana rozmeri ni mbabe, ukimpa nafasi anajifanya mwenye nyumba. Akajaza chupa, akafunga kifuniko, akafungua tena, akavuta harufu kwa macho yaliyofumbwa. Safi! Bruda angelia.

Shida ni kwamba pua ile ilizaliwa kambi ya wavuvi. Moshi wa kambale kwa Fulgence haukuwa harufu. Ulikuwa hewa.

Jumamosi mchana Justa akavaa gauni lake la jumuiya, akakaa mezani. Kukaa tu, bila kuinuka kufuata chumvi, kulimpa shida. Kila dakika mguu ulitaka kwenda jikoni. Padre Amedeus alikuja kama shahidi. Bernadetha alikuja kwa mwaliko wake mwenyewe.

Fulgence akaingia na bakuli kubwa, aproni nyeupe imepigwa pasi, akafunua. Mvuke ukapanda. Padre akakunja pua, akaikunjua haraka kwa adabu. Bernadetha hakuwa na adabu za namna hiyo.

"Shemeji! Kambale wangu wamenitangulia mezani!"

Fulgence akacheka kidogo. Kisha, pale kati ya mvuke wa nyanya ambao hauna asili ya mtoni, pua yake ikaamka. Akafungua ile chupa ya majani, akanusa. Kambale. Akanusa tena. Kambale, na nyuma yake, kwa mbali, rozmeri anaomba msaada.

"Mama Noela, usile. Nimeharibu. Nipe mpaka jioni, nimpigie Noela, alete ya pakiti, nipike upya."

"Kaa chini," Justa akasema.

Akaviringisha uma kama alivyowaona watu kwenye televisheni. Makaroni yakateleza. Akaacha uma, akachukua kijiko, akavuta moja kwa mlio uliosikika mpaka uani. Akatafuna polepole, macho ukutani.

"Hiki ndicho walichokuwa wanakula?"

"Hicho. Ukitoa kambale."

"Na ukitoa kambale, kinakuwaje?"

Hapo mzee angeweza kudanganya, na mtu mwingine angedanganya. Lakini kesho yake palikuwa na altare, na mkewe alikuwa akimtazama, kijiko mkononi.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kula."

"Hujawahi nini?"

"Kula. Naonja chumvi, natema. Kilinishinda, Mama Noela, tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana sikukuletea. Ningekuletea kitu mimi mwenyewe nimetema? Nilikuwa natoka pale na njaa ya kufa, nakimbia kuja kula kwako. Mpaka wananicheka njiani."

"Yesu na Maria!" Bernadetha akashika kichwa. "Mtaliano anatema makaroni!"

"Bernadetha, nyamaza kwanza." Justa hakuondoa macho kwa mumewe. "Kwa hiyo miaka yote hiyo Wazungu walikula hiki, na wewe ulikuwa unakula changu."

"Kingine kipi? Ndicho hicho nilichokuwa nakijua."

Justa akaangalia bakuli. Kicheko kilianzia tumboni, mabega yakatikisika, kikatoka kikamshinda, akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa cha meza. "Na mimi nilikuwa nawaonea wivu! Maskini watoto wa watu! Ndiyo maana walikuwa wamekonda vile!" Akasukuma sahani upande wa pili. "Padre, malizia wewe, wewe ndiye una ndugu Roma."

Padre, kwa utii, akala vijiko viwili, akakifanya cha tatu kuwa sadaka.

Justa akainuka. Mguu ulikuwa umesubiri vya kutosha. Kumbe alfajiri, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kuweka imani yote kapu moja, alikuwa amepika wali na kambale mkavu wa nazi, akavificha chini ya kapu la vyombo. Akavileta, akaivuta chupa ya Fulgence, akanyunyiza majani juu ya mchuzi bila kupima, akakoroga, akaonja kwenye kiganja. Akasimama hivyo, kiganja mdomoni.

"Eeh," akasema. Akanyunyiza tena.

Ndipo ikajulikana majani yale yalikuwa yanatafuta nini. Mrehani ukapanda juu ya nazi, kitunguu saumu kikamshika kambale mkono, moshi ukakutana na moshi mwenzake, na rozmeri, yule mbabe, kwa mara ya kwanza akakaa chini kama mtoto wa watu. Padre aliongeza mara mbili na hakuna kijiko kilichohesabiwa sadaka. Bernadetha akatangaza kwamba kona ya juu ya banda lake sasa ni ya majani daima, na kwamba yeye ndiye aliyebuni jambo hili. Fulgence alikula ameinamia sahani, anakula chakula chenye majani yake mwenyewe bila kutema.

Jumapili kanisa lilijaa. Justa alisimama mbele, kitenge kipya, uso haumwambii mtu kitu. Mtaa mzima ulikuwa umeshasikia habari za makaroni, maana Bernadetha hakulala, kwa hiyo Padre alipofika penye swali hata watoto walinyamaza.

"Justa, unamkubali tena Fulgence kuwa mume wako?"

Justa akakaza kitenge kwanza.

"Namkubali," Justa akasema, sauti imefika mlangoni. "Na kila Jumamosi apike yeye, mimi nikae."

"Mama," Padre akanong'ona, "hiyo haimo kwenye kitabu."

"Iongeze, Padre. Tunasubiri."

Vigelegele vikalipuka upande wa akina mama, kwaya ikaanza wimbo ambao zamu yake haikuwa imefika, na Fulgence akaitikia amina, kubwa, kabla Padre hajapata nafasi ya kuuliza kama naye anakubali.