Sauti ya Mkunga Ndani ya Diski

Kidole cha Teodosia kilikuwa kimeshagusa kitufe pale Gaudens alipopiga kelele kwenye simu mpaka mtoto mgongoni akashtuka.

"Usibonyeze! Mama Faith, nakuomba, toa mkono hapo!"

Akautoa. Kioo cha kompyuta mpakato kiliendelea kumngoja. Kilimwuliza swali moja tu: mafaili yamevurugika, nirekebishe? Nani asiyetaka kurekebishiwa?

"Kurekebisha ni kuandika," Gaudens akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Diski imeumia, na hatujui imeumia wapi. Ukiandika juu yake unaweza kumfukia mtu aliye hai. Tunainakili yote kwanza, vilevile ilivyo, na majeraha yake. Halafu tutaitibu nakala."

Gaudens alikuwa fundi wa mitandao, makazi yake Nachingwea. Teodosia alikuwa mfagiaji wa redio ndogo ya jamii pale Ruangwa, binti wa kijiji cha Mbekenyera aliyeishia darasa la saba. Kilichowakutanisha ni kile kisanduku cheusi kinachoendeshwa na programu ya Linux, kilichobeba mtandao wa redio na kuhifadhi vipindi vyote vilivyorekodiwa. Kila kilipogoma, aliyekuwa karibu alikuwa mwenye ufagio. Basi Gaudens akazoea kumpigia: angalia taa ile, andika hiki, nisomee. Naye Teodosia alikuwa na tabia moja. Hatumi amri kabla ya kuisoma yote kwa sauti, polepole, kama anayesoma somo kanisani. Gaudens humcheka, ila hajawahi kumwambia aache.

Jana radi ilipiga. Huku kwetu radi ikinguruma hakuna anayengoja kuambiwa; nyumba kwa nyumba watu wanachomoa redio, friji, chaja za simu. Mzee Leonard, mlinzi, alifanya kama wafanyavyo wote. Aliingia mbio akang'oa waya zote ukutani, na kisanduku kikazimika kikiwa katikati ya kuandika. Leo asubuhi kiliwaka, lakini kikajifunga: kinakubali kusomwa, kuandikwa hakitaki. Na folda moja ikifunguliwa inaleta kosa. Folda ya Brigita.

Brigita alikuwa mkunga, na alikuwa mama yake Teodosia. Kila Alhamisi alikaa mbele ya maikrofoni akawafundisha wazazi wa Ruangwa nzima namna ya kumshika kichanga, Kiswahili kikichanganyika na Kimwera, na vicheko humo humo. Alifariki Kwaresima. Faith alizaliwa wiki chache baada ya mazishi, sasa anatambaa, na sauti ya bibi yake haipo popote duniani ila ndani ya kisanduku kile.

"Umeme wa ukutani usiutumie," Gaudens alisema. "Mvua itakukatisha. Kisanduku kinakula volti kumi na mbili, sawasawa na pikipiki. Tafuta betri."

Seleman, bodaboda wa pale getini, alifungua betri yake huku akinung'unika. "Mama Faith, wewe unanivua nguo barabarani."

"Nitakurudishia jioni, kaka yangu."

"Jioni ya leo au ya kiyama?"

Teodosia akaunganisha diski mpya, ile ya akiba ya redio. Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Majina ya diski mbili kwenye kioo yalifanana kama mapacha, na amri ilitaka kujua ipi inanakiliwa na ipi inapokea.

"Ukigeuza," Gaudens akasema, "unamwaga utupu juu ya mama yako. Usiangalie jina. Angalia ukubwa."

Akaangalia. Mpya ilikuwa kubwa kuliko ya zamani. Akaisoma amri kwa sauti. Akairudia. Gaudens akajibu, "Ndiyo hiyo. Tuma." Akatuma, mstari mwembamba wa kuonyesha kazi ilipofikia ukaanza kutambaa kwenye kioo.

Mchana ukasogea. Mara mstari unakwenda, mara unasimama mahali palipoumia, na kila unaposimama Teodosia naye anaacha kupumua. Akamnyonyesha Faith macho yakiwa kwenye kioo. Kisha mwanga dirishani ukafifia, na upande wa Nachingwea mawingu yakanguruma.

Mzee Leonard akaingia kabla mngurumo haujaisha. Akachomoa kila kitu ukutani, halafu akakiona kisanduku kinawaka.

"Na hiki je?"

"Hiki hakiko ukutani, baba. Kiko kwenye betri."

"Radi haiulizi betri! Bosi kasema radi ikipiga, zima vyote. Kikiungua nitamjibu nini akirudi kutoka Lindi?" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye waya.

Teodosia hakumvuta. Aliweka kiganja chake juu ya mkono ule wa mzee, taratibu.

"Baba Leonard. Mama yumo humu."

Mzee akatulia. Naye alikuwa akimsikiliza Brigita kila Alhamisi pale getini. Lakini nje pakamulika, akashtuka tena. "Na waya huu unaokwenda juu ya mnara? Si ndiyo njia yenyewe ya radi?"

Alisema kweli. Teodosia akauangalia waya wa mnara. Kunakili hakukuuhitaji. Akauchomoa mwenyewe, akausogeza mbali na ukuta.

"Sasa hakishikani na kitu," alisema.

Mzee akaachia. "Yangu macho," akasema, lakini hakutoka. Akasimama mlangoni kama anayelinda mgonjwa.

Ndipo Seleman akatokea, ameloa. "Mama Faith, betri. Nimepata abiria wa Nambilanje, ni mjamzito, anataka kufika kwao kabla barabara haijaharibika."

Mstari ulikuwa umebakiza kipande kidogo. Teodosia akatazama kioo, akamtazama Seleman. Alijua mama yake angesema nini kuhusu mjamzito anayengojeshwa kwenye mvua. Akaanza kuinuka, mkono ukielekea kwenye nyaya za betri.

"Pikipiki haiwaki bila betri?"

"Kuwaka itawaka, hii inapigwa kick kwa mguu. Taa ndiyo sina. Honi sina."

"Basi nenda kungali mchana," Mzee Leonard akadakia. "Honi piga kwa mdomo. Si kila siku unatupigia kelele hapa?"

Seleman akacheka bila kupenda. "Nikigonga mbuzi, mzee, italipa redio." Akaondoka, na kweli wakamsikia barabarani akiita, "Piii! Piii!" mpaka mvua ikameza sauti.

Mstari ukafika mwisho. Gaudens akamwelekeza kuzima kisanduku kwa amri, siyo kwa waya, na kungoja taa ife yenyewe. Kisha wakaifungua nakala kwenye kompyuta, wakaitibu. Safari hii aliruhusiwa kusema ndiyo.

Folda ya Brigita haikurudi. Yalirudi mafaili yasiyo na majina, yametupwa pamoja kama nguo za kufua, na mengine yalikuwa mkwaruzo mtupu. Teodosia akafungua moja: muziki. La pili: mkwaruzo. La tatu: kimya, kikohozi, halafu, "Haya wanangu, mtoto akilia msikimbilie kumpa ziwa. Kwanza mguse shingo, umsiki…"

Mzee Leonard akavua kofia.

Teodosia akaizima sauti katikati ya neno. Akatafuta flashi kwenye droo, akaichomeka, akaanza kunakili.

"Mbona umezima?" mzee akauliza, karibu kwa hasira.

"Ngoja, baba," akasema. "Nakala zikiwa mbili, tutasikiliza."