Chungu Kilichowekwa Juani

Habari za kifo chake nilizipata sokoni mjini Singida, nikiwa nimeinama kuchagua vitunguu. Mama anayeniuzia hakunitazama usoni. "Yule mwenzako wa minadani," alisema, "wamemzika juzi, Unyambwa." Nikatoa pole. Akaikataa upesi. "Pole ya nini, baba? Mtu na kitu chake. Kimemmaliza." Kisha akaniongezea vitunguu vya bure, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, akavisukuma kwa ncha za vidole kana kwamba mkono wangu nao una kitu.

Tulifahamiana miaka ile biashara ilipofunguliwa na ofisi zikaanza kupunguza watu. Mimi nilipunguzwa mapema, nikagundua kwamba shahada haina mnunuzi, nikageukia sabuni na viberiti. Yeye alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa mjini na aliuza mitumba. Tulipanda lori moja, juu ya marobota, leo mnada wa Mtinko, wiki nyingine Sepuka. Alikuwa mtu nadhifu, mpole, mwenye sauti ya chini. Na popote alipokwenda alipakata chungu.

Alikuwa na kisukari cha kudungwa sindano kila siku, na dawa yake haitaki joto. Nyumbani hakuwa na jokofu, na juu ya lori usiulize. Kwa hiyo aliweka vichupa ndani ya chungu kidogo, akakizamisha ndani ya kikubwa, katikati akajaza mchanga na kuumwagia maji, juu akafunika gunia bichi. Upepo ukipiga udongo ule unaolowa, ndani kunabaki baridi. Nilielezwa haya tangu safari ya kwanza, nikayaelewa, na bado niliomba kukaa upande wa pili wa lori. Chungu kilitoka jasho mchana kutwa. Kilinuka udongo mbichi, harufu ya kaburi lililochimbwa asubuhi. Kila tuliposimama alikinywesha maji, kisha akakiwekea kiganja kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Kabla ya kula alikwenda nacho nyuma ya lori, akafunua shati na kujidunga tumboni.

"Mkeo wa chunguni ameshakula?" muuza sufuria tuliyepanda naye lori alikuwa akimtania.

"Ni dawa yangu ya sukari, ndugu yangu."

"Sukari! Ugonjwa wa mawaziri huo. Wewe umeupatia wapi, kwenye robota?"

Watu walicheka, naye akacheka nao. Lakini utani huo ulikuwa na mizizi. Rundo lake lilikuwa likiisha mapema kuliko marundo ya wengine, na neno likaanza kutembea: chuma ulete. Anakilisha damu yake, kinatoka kisichoonekana, kinapita mezani kwa wenzake na kurudi na fedha.

Siku ile Mtinko kulikuwa na upepo mkavu na vumbi jekundu, na wanunuzi wachache. Yeye aliuza, wengine hawakuuza. Kabla ya adhuhuri nikaona duara la watu limemzunguka. Chungu kilikuwa mikononi mwa muuza sufuria, ambaye hakucheka tena. Mzee mmoja muuza mbuzi, aliyesifiwa kwa kufungua vilivyofungwa, alitoa hukumu bila hasira. "Kitu cha gizani hupimwa kwa jua. Kama ni dawa tu, jua litaifanya nini?"

Rafiki yangu alipiga magoti. "Shikamooni, wazee wangu. Nawaomba. Hicho kikipata jua, nami nimekwisha."

Mama mmoja alimvuta mwanawe nyuma ya kanga.

"Mmesikia wenyewe," alisema muuza sufuria. "Roho yake imo humo."

Hapo msomi wenu nikajitokeza. Nikaeleza habari za kongosho, kwa sauti ya mhadhara, nikipanga hoja. Hakuna mtu aliyewahi kuokolewa na neno kongosho. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakamwaga mchanga, wakavitoa vichupa na kuvipanga juu ya mwamba. Mbwa alivisogelea, akanusa, akaondoka amebana mkia. Watu walikaa kivulini wakitazama jua likifanya kazi yake, mimi na rafiki yangu tukishikiliwa hadi kivuli cha mwamba kilipogeuka upande.

Walipomrudishia, vichupa vilikuwa moto kama mayai yaliyochemshwa. Nikavitazama kwenye mwanga. Maji yale yale maangavu.

"Bado nzima?" nikauliza.

"Haisemi," akajibu. "Nitajua mimi, mwilini."

Akasema bismillahi, akajidunga. Tukakaa tumeegemea gurudumu, tukisubiri. Ni jambo la ajabu kumtazama mtu akisikiliza ndani yake mwenyewe. Akaomba maji. Akaomba tena. Asubuhi ya pili lori lilipoondoka kurudi mjini alikuwa akihema kwa kina, pumzi yake inanuka tunda lililooza, midomo imekauka huku maji yakimchuruzika kidevuni. Tukamwahisha hospitali, wakamwokoa.

Alirudi minadani bila chungu. Vichupa alikuwa ameviweka mfuko wa ndani wa koti, kifuani, kwenye joto lake na la marobota. Nikamwambia, "Humo zinaharibika." Akatabasamu. "Najua, bwana msomi. Lakini wateja wamerudi. Nikibeba chungu, sina mnunuzi, na njaa haitaniua peke yangu, itaua na wanangu. Hii sukari ni yangu mwenyewe."

Alianza kupungua. Kila msimu alijichagulia suruali ndogo zaidi kutoka kwenye marobota yake, hadi akafikia zile za vijana. Watu waliona, wakatikisa vichwa: alivunja agano, sasa kinadai. Walikuwa wakarimu kwake, hata walinunua zaidi.

Kinachonitisha ni kwamba yule muuza mbuzi hakusema uongo. Kitu kile kilihitaji giza. Kilihitaji kunyweshwa. Uhai wa mtu ulikuwa ndani yake, na jua lilitosha kuuondoa. Alikosea jambo moja tu, kudhani kwamba kitu kile kinaiba vya wengine, nalo ndilo lililoua. Tulifunguliwa biashara bila kuelezwa kwa nini mmoja auze na jirani yake alale njaa, na pengo hilo tukalijaza kwa hofu, maana hofu ilipatikana bila mtaji. Rafiki yangu hakuuawa na jua la Mtinko. Aliuawa na koti, kwa kuwa tulimfundisha kwamba ni salama zaidi kuonekana mzima kuliko kuwa mzima.

Wasomaji wangu, hata sasa yupo mtu katika basi lenu, au katika chumba cha pili, anayeficha kitambaa kibichi cha kupozea dawa chini ya nguo akiomba asiulizwe. Siwaambii msiogope, maana mimi mwenyewe nilihama upande wa lori. Nawaambia tu utaratibu. Mpeni kwanza kivuli. Kuogopa, mtaogopa baadaye.