Ubeti wa Florence Ambao Haukuimbwa

Kuna Ijumaa moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, hata rangi ya mawingu yake naikumbuka. Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi wa mtaa kule Jericho, hapa hapa Nairobi, nimevaa gauni refu la malkia lililoshonwa kwa mapazia, nikaulizwa swali ambalo hata mtoto wa nasari angelijibu. Mimi nikalijibu vibaya. Jibu hilo nimeishi nalo miaka kumi na tano, na sasa nakaa peke yangu huku Pipeline, orofa ya sita, majirani nawajua kwa kikohozi tu.

Nimesikia unataka kujiunga na darasa la Jumamosi la Opera, lile kundi nililoimbia zamani. Ndiyo maana nakuandikia. Sikukatazi. Soma kwanza haya, halafu uende.

Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la sita. Nilichokuwa nacho ni sauti. Kanisani kwetu Kayole nilikaa benchi la sauti ya pili, ile wanakwaya huita alto, na upande wangu wa kushoto alikaa Florence. Alikuwa fundi wa nguo, mwembamba, mwenye maneno. Miaka kumi na moja tulikaa hivyo, bega kwa bega. Nikisahau maneno ya wimbo nilitazama mdomo wake, naye akisahau alitazama wangu. Siku nyingine tulisahau wote wawili, tukatazamana, tukaimba upuzi mtupu kwa imani kubwa. Mwalimu wetu, Mzee Ombima, alikuwa anatugeuzia jicho moja tu, tunanyooka.

Huyo Mzee Ombima ndiye aliyeizaa Opera. Nalisema wazi kwa sababu hutalisoma mahali pengine. Mchana alikuwa akifua masufuria ya bati kwa nyundo kule Shauri Moyo, na Jumapili alitufundisha kuimba. Alikuwa anaandika solfa, zile do re mi, kwenye karatasi kubwa za manila na kuzibandika ukutani, na asiyejua kusoma alizifuata kwa kijiti chake. Akachukua watu saba kutoka kwaya za mitaa hii yetu, mimi nikiwa mmoja, akasema tufanye hadithi ambayo hakuna kuongea, kila kitu ni kuimba kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mchezo wetu wa kwanza ulikuwa wa mama mwenye ploti ya kupangisha aliyewafungia wapangaji mfereji wa maji. Watu walitucheka. Walisema hawa hata chumvi wanaombana kwa wimbo. Lakini walikuja, wakajaa, wakasimama mpaka madirishani.

Florence yeye alikataa kujiunga. Aliniambia, "Nereah, mimi naimba nikisimama. Huko mnaimba mkiwa mmelala chini mnajifanya mmekufa. Nani alisikia maiti ikiimba?"

Basi tukaendelea hivyo miaka michache, kisha akaja Ferdinand Lusweti. Huyo nitamtaja jina lote, asitafute pa kujificha. Alikuwa amesomea muziki, anatembea na miwani kifuani. Nisimnyime haki yake: alileta mpango wa kuzunguka shule, tukaimba mtaa wa Umoja, tukaimba Kayole, watoto wakishangaa. Alianzisha darasa la Jumamosi, hilo hilo unalolitaka wewe. Alitutoa Jericho na kutupeleka kila mwaka kuimba kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, wenye viti vya kukunjuka. Lakini pia alimwambia Mzee Ombima kwamba karatasi za manila ni za nasari. Mzee akazikunja, akazifunga kwa kamba, akarudi kwa masufuria yake. Hakugombana. Na sisi saba tulimwangalia akitoka mlangoni, tukanyamaza. Kwa hilo, mwanangu, wa kulaumiwa si Lusweti peke yake.

Lusweti alileta sheria pia, na karani wake Jacinta akaiandika na kuibandika mlangoni: wiki ya onyesho, hakuna mwimbaji kuimba mahali pengine. Si kanisani, si harusini, si msibani. Sauti ni mali ya kundi. Sisi tukaona ni heshima. Mtu ambaye hajawahi kulindiwa chochote, ukimlindia koo anajiona mfalme.

Wiki ambayo nilipewa kuwa malkia kwa mara ya kwanza, wiki hiyo hiyo Florence alikufa. Aliugua siku nne.

Sasa lazima nikueleze desturi ya kwaya yetu, ndipo utaelewa. Mwanakwaya akifa, kwaya nzima husimama mochari mwili ukitolewa. Wote huimba ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili huimbwa na sauti ya marehemu peke yake: kama alikuwa besi, ni mabesi, kama alikuwa alto, ni maalto. Wengine wote hunyamaza. Ndiyo namna yetu ya kumwambia kwamba nafasi yake tunaijua ilikuwa wapi. Kisha ndipo jeneza huingizwa kwenye gari la kwenda nyumbani.

Alto tulikuwa wanne. Florence ametoka, tukabaki watatu.

Mwili ulikuwa unatoka Ijumaa saa tatu asubuhi, kwenda kwao magharibi mwa nchi. Na sisi Ijumaa hiyo hiyo saa tatu tulikuwa na mazoezi ya mwisho, Jumamosi tuimbe mjini. Nilienda na nguo nyeusi kwenye mfuko wa karatasi. Nikamwambia Lusweti niruhusiwe kwa muda wa saa mbili tu, niende mochari, nirudi.

Akatoa miwani. "Nereah, hii ni opera, si matanga. Ukilia leo asubuhi, kesho utaimba na nini? Na magoti?"

Watu wakacheka. Jacinta hakucheka, alifungua tu faili lake na kusema, "Hakuna anayekufunga kamba. Sheila anajua sehemu yako yote. Amua: unaenda ama unabaki?"

Hilo ndilo swali.

Sheila alikuwa msichana wa Kayole, ana miaka ishirini hivi, ana sauti kama maji ya mtungi. Akanisogelea akaninong'oneza kama binti kwa mama yake, "Enda tu, mathe. Nitakushikia leo, kesho nakurudishia. Aki ya Mungu siwezi kukuibia."

Mwanangu, yule mtoto alikuwa anasema kweli. Nimeyajua hayo baadaye, baada ya kumwona miaka mingi. Lakini siku ile nilimtazama nikaona mwizi. Nilijiambia, huyu anataka gauni langu. Nikauweka ule mfuko wa nguo nyeusi chini ya kiti, nikamjibu Jacinta, "Nabaki." Na nikaimba. Niliimba vizuri mno, hilo ndilo linaloniumiza. Na Jumamosi kule mjini watu walisimama wakapiga makofi mpaka nikasahau nilikotoka. Makofi ni matamu, asikudanganye mtu. Ila makofi hayakusindikizi mpaka nyumbani.

Alhamisi iliyofuata Mzee Ombima alikuja kwenye kibanda changu cha mboga, Kayole. Akavuta kreti ya soda, akaketi.

"Mulembe, Mzee," nikamsalimia kwa Kiluhya. "Habari za safari?"

"Mulembe. Tulimfikisha. Kulikuwa na matope."

"Pole sana. Si unajua mimi nilikuwa kazini."

"Najua." Akatazama sukuma wiki zangu kama mtu anayezisoma. "Tuliimba ubeti wa kwanza. Halafu tukanyamaza, tukangoja alto. Rebecca alikuwa analia hawezi kufungua mdomo. Yule mwingine ni mgeni, hajaujua huo wimbo."

"Sasa nani aliimba?"

"Hakuna."

"Lakini Mzee, si wewe unaujua? Si ungeimba tu?"

"Mimi ni besi, mama. Haikuwa zamu yangu." Akainuka, akapangusa suruali. "Tulisimama tukangoja. Dereva akafikiri tumemaliza, akawasha gari. Florence akaenda hivyo."

Nikatafuta neno la kujitetea, nikapata lile la Lusweti. Nikasema, "Sheria ya kundi, Mzee. Usanii una masharti yake."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Masharti ni mazuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nawachapa mkichelewa. Lakini Nereah, sharti linalokukataza kumzika mwenzako, wa kwanza kulivunja angekuwa Florence, kama ni wewe umelala pale." Kisha akaenda zake. Hajawahi kuniambia neno lingine juu ya jambo hilo, na mwaka uliofuata naye alizikwa. Huko nilienda. Nilisimama nyuma kabisa, na sikuimba.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wangu ulipita upesi. Misimu miwili baadaye Lusweti alileta karatasi za muziki za kizungu, zina vitone kama kinyesi cha panya, akasema asiyezisoma hawezi kuimba peke yake. Nikawekwa nyuma. Kisha nikawekwa kupiga nguo pasi. Kisha siku moja nikafika nikakuta pasi ina mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza. Jacinta alinitabasamia akauliza kama kuna mtu namtafuta.

Mwaka huu nilipita hapo ukumbini nikapewa kile kijitabu wanachogawa mlangoni. Ukurasa wa pili una historia ya kundi. Inasema Opera ilianzishwa na Ferdinand Lusweti kwa maono yake. Mzee Ombima hayumo. Sisi saba hatumo. Watatu wetu wamekufa, wawili walirudi mashambani, mmoja alienda Uarabuni hakuandika tena. Nairobi nimebaki mimi, na mimi kulingana na kijitabu sikuzaliwa.

Kijitabu kiliniudhi, lakini hakikuniua. Kilichoniua nitakuambia sasa.

Baada ya kutoka Opera nilikaa miaka bila kwenda kanisani. Aibu ni mlango unaojifunga wenyewe. Halafu Jumapili moja nikajikaza, nikavaa, nikarudi kule kwetu Kayole. Nilipanga moyoni: nitaomba msamaha kwa Rebecca, nitaketi, nitaanza upya. Wanakwaya walinisalimia vizuri. "Karibu, dada." Nikaangalia benchi la alto. Lilikuwa limejaa, wasichana sita wamebanana, hakuna aliyenijua hata mmoja. Rebecca alishahamia Kitale. Hakuna aliyenifukuza hapo pia. Mzee mmoja wa kanisa, kwa upole, aliniletea kiti cha plastiki akakiweka karibu na mlango.

Matangazo yakafika. Mtangazaji akasema tuna wageni, wageni wasimame tuwajue. Mimi nikaketi, nikingoja niwaone hao wageni. Msichana aliyekuwa mbele yangu akageuka akanigusa mkono. Akasema, "Mama, ni wakati wa wageni. Simama, usiogope."

Nikasimama, mwanangu. Ningefanya nini? Nikataja jina langu, nikasema natoka Pipeline. Kwaya ikaniimbia wimbo wa kukaribisha wageni, na ule wimbo alto yake niliifundisha mimi. Nikasimama nikaimbiwa mpaka mwisho, mikono imeshikana mbele, kama mgeni anavyosimama.

Nimewataja Lusweti na Jacinta, na sitawafuta. Walifanya walichofanya. Lakini hawakunishika mkono. Aliyesema "nabaki" ni Nereah, na mfuko wa nguo nyeusi aliuweka chini ya kiti kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hivyo nenda kwenye darasa lako. Sheila ndiye anafundisha siku hizi, utasoma vizuri kwake, na yeye huwaambia watoto wake waende misibani hata siku ya onyesho. Jifunze vile vitone vya karatasi, usije ukawekwa pasi. Ukiona mzee anakunjiwa kazi yake huku watu wananyamaza, wewe usinyamaze. Mtu akijitolea kukushikia nafasi, usimwone mwizi kabla hajaiba. Na siku ile kazi itakapokuambia uchague kati yake na mtu wako aliyelala mochari, usisimame hapo ukifikiri kama mimi. Onyesho litarudi mwaka ujao na malkia mwingine. Maiti hutolewa mara moja. Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi naongeza, hutunzwa akiwa hajaacha kwao. Kwao mtu ni wale wanaojua sauti yake ikikosekana.

Mungu akulindie koo lako, mwanangu, na akulindie miguu pia, ikufikishe penye kilio kabla gari halijawashwa. Uimbe uzeeke ukiimba. Na popote utakapoingia, asitokee mtu wa kukuuliza jina.