Sufuria la Wakfu

Bibi yangu mzaa mama aliacha mabinti wawili na sufuria moja la shaba. Mabinti walikuwa wameshaolewa. Sufuria akaliweka wakfu kwa mtaa, maana yake haliuzwi, halirithiwi, wala halipewi mtu likawa lake. Mwenye harusi, khitma au maulidi analichukua, anapikia, analirudisha limesuguliwa. Na kila tonge linaloliwa kutoka humo, thawabu zake zinamfikia bibi kaburini. Hivyo ndivyo alivyotufundisha mama mkubwa, dada yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa akilitunza uani kwake.

Lilikuwa kubwa hasa. Likilazwa ubavu, mtoto wa darasa la kwanza anaingia mzima. Mimi niliingia, nikachapwa.

Ikaja ile miaka ya shida. Wa rika langu hawana haja ya kuelezwa: foleni ya sukari, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, kufua kwa majani ya mpapai kwa kuwa sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mchele ukatoweka. Watu wakaoana kwa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, na kwa mihogo hiyo kila nyumba ilikuwa na chungu chake. Ungedhani mama mkubwa angelifunika sufuria akapumzika. Thubutu! Kila Ijumaa alilisugua kwa majivu na ndimu, akapika humo uji wa muhogo, akaita watoto wa mtaa mzima. Uji wenyewe chapwa, nazi tu ndiyo iliyousitiri. Naye anakusimamia na upawa mkononi: "Kula mwanangu, usimkatie bibi yako thawabu zake." Ukimaliza bakuli anakuongeza, hata hujaomba. Niliuchukia uji ule, nasema kweli. Bibi mwenyewe sikumkuta duniani, nami nilikuwa najiuliza nimemkosea nini hata anilishe vile kila wiki.

Mambo yalipofunguliwa, nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi. Ghafla madukani kila kitu kipo, ila mfukoni ndiyo hamna. Mitumba ikaja, redio zikaja, mchele wa nje ukaja, na ikaja pia biashara ya vyuma chakavu. Watu walipita na mikokoteni na mizani wakinunua chochote, hawaulizi umekitoa wapi. Mabomba yakang'olewa, nyaya zikakatwa. Sufuria la mtaa wa pili likapotea, tukasikia limepitishwa Moa na kuvushwa mpaka kwenda Kenya.

Siku hizohizo wasomi kadhaa wa mjini waliunda kikundi cha kuhifadhi mambo ya kale. Wakapewa vyumba viwili katika jengo kuukuu la Wajerumani, wakaanza kupita mitaani wakiomba vinu, taa, milango, viti. Wazee wa mtaa wetu, wanaume watupu, wakakaa kwenye baraza ya msikiti wakaona ndiyo dawa: sufuria liende likae kwenye chumba chenye kufuli na mlinzi. Mama mkubwa alikuwa Pangani msibani, ng'ambo ya mto. Asiyekuwepo na lake halipo. Aliporudi alikuta duara la udongo mkavu pale lilipokuwa sufuria, na kuku wamejilaza humo.

"Wameliuza?"

"Hapana, mama. Wamelipeleka makumbusho."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikamweleza kwa ualimu wangu wote: ni nyumba ya kuwekea vitu vya zamani, watu waje wavione, watoto wajue walikotoka.

"Wakija wanakula?"

"Hawali, mama. Wanatazama."

Akafukuza kuku, akakaa chini palepale kwenye lile duara na buibui lake la safari. "Basi wamemkatia mama yangu," akasema, akaanza kulia. Sijapata kumwona akilia vile, hata alipofiwa na mumewe. Hasira zilinipanda juu ya wale wazee, nikaenda barazani nikawaambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuwaambia watu wazima.

Kesho yake tukaenda makumbusho. Njia nzima anaapa kwamba atalibeba kichwani mwenyewe. Sufuria tulilikuta limezungushiwa kamba, limeng'arishwa, na mbele yake kibao: USIGUSE. Mama mkubwa akapita chini ya kamba akalipiga konzi, likalia chumba kizima. Mlinzi akashika kichwa.

Akaja mwenyekiti wa kikundi, mzee mstaafu wa kule Raskazone, mtu mpole wa kanzu iliyopigwa pasi. Akatuletea viti.

"Bibie," akasema, "hapa liko salama. Likirudi mtaani, mwezi haumaliziki litakuwa limeshapimwa kwenye mizani."

"Najua," akasema mama mkubwa. Nikamgeukia. Ala! Si ndiye aliyekuwa anaapa? "Lakini wakfu wa kutazamwa mimi sijausikia. Mama yangu hakuacha pambo. Yuko kule anangoja thawabu zake, na humu hali mtu."

Mzee akasema moto na masizi vitaliharibu, na wao wameahidi kulitunza kama walivyolipokea.

"Mlilipokea limetoka motoni," nikadakia mimi. Mama mkubwa akanifinya paja, nikafunga mdomo.

Akamuuliza: "Watu wanakuja?"

Swali hilo lilimuumiza, nilimwona. Tangu wafungue, alisema, wanaoingia ni Wazungu wapita njia na wanafunzi. Wanafunzi wenyewe ni hao niliowapanga mstari mimi nikawaleta. Watu wa mji wanapita nje, wanaona jengo la serikali, na nani anaingia jengo la serikali bila kuitwa?

"Basi waite," akasema mama mkubwa. "Uwanja unao, sufuria unalo. Wapikie. Watakaa njaa hapa watazame nini?"

Yule mzee akacheka mpaka akavua kofia. Wenzake hawakucheka alipowapelekea habari. Walibishana wiki kadhaa, nami nikaenda kila baada ya shule kuwasumbua, mpaka wakakubali: mara moja kwa mwaka, mwezi wa mfungo sita, maulidi yasomwe uwanjani pale na sufuria lipikiwe. Ila lisivuke ua. Hilo la ua walilishikilia.

Kila nyumba ikatoa kibaba cha mchele. Siku yenyewe walijaa mpaka barabarani, na wengi, tusidanganyane, walifuata pilau. Walipokwisha nawa mikono wakaanza kuchungulia vyumbani. Jirani yetu mmoja alikuta mbuzi ya kukunia nazi juu ya meza, akapiga kelele: "Hee! Kama yangu! Mbona mimi bado naikalia?" Watu wakacheka, wakaanza kuambizana hiki cha nani na kile kilikuwa kwa nani. Mlinzi aliyezoea kusinzia alikuwa anatokwa jasho. Mama mkubwa hakuingia ndani kabisa. Alisimama kwenye sufuria, anapakua na kuwahimiza: "Kula mwanangu, kula."

Ikawa desturi, miaka ikapita. Kisha mama mkubwa akaugua, hakuugua sana, akafa. Khitma yake tukapanga kupikia masufuria ya kuazima. La shaba sikuliulizia, kwa sababu kanuni naijua na kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Asubuhi ya khitma nikasikia mkokoteni. Juu yake sufuria, limefungwa kamba, na ubavuni mwenyekiti, amezeeka sasa, ametembea nalo kutoka mjini huku amelishika mkono lisibingirike.

"Na kanuni, mzee wangu?" nikamuuliza.

"Tulizitunga sisi," akasema. "Moto uko wapi?"

Watu walipokwisha soma, nilimfuata mwalimu wa chuo cha Kurani nikamuuliza thawabu za chakula kile zinamwendea bibi aliyetoa wakfu peke yake, au na aliyeutunza naye anapata. Akaniambia Mungu si bahili.

Tangu siku ya mazishi nilikuwa sijamaliza sahani hata moja. Nikala sahani ile yote, punje kwa punje. Nilipoimaliza nikatazama kule kwenye sufuria. Hakuna aliyeniita aniongeze. Nikainuka mwenyewe, nikapeleka sahani.