Taa ya Kijani ya Namba Kumi na Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa nzima kabla ofisi haijafunguliwa. Cheti changu cha uhandisi kilikuwa ndani ya bahasha mbili, moja ndani ya nyingine, kwa hofu ya mvua. Mvua yenyewe haikuwapo. Ndivyo nilivyokuwa: jambo dogo nililiwaza mpaka likachoka. Kampuni yetu ilifunga kengele za wezi majumbani. Kampala ilikuwa imetoka vitani miaka michache tu, na watu walioanza tena kununua televisheni walikuwa wameanza tena kuogopa.

Mkuu wa mafundi alikuwa Sajini Okot, mtu wa Gulu, aliyekuwa fundi wa redio jeshini. Aliniuliza kengele ya nyumbani hupelekaje habari. Nikamweleza kwa kirefu: kitambuzi cha mlangoni huhisi mtu, kisanduku cha ukutani hupiga simu chenyewe, na ofisini, katika chumba tulichokiita kontroo, mlinzi wa zamu hupokea na kutuma gari. Nilikuwa na mchoro pia. Sajini alisikiliza mpaka mwisho, akachukua koleo, akanitoa nje, akakata waya wa simu ulioshuka ukutani.

"Sasa piga."

Nikautazama mchoro wangu.

"Mwizi hapana soma kitabu yako, Injinia. Yeye nasoma ukuta."

Meneja wetu, Mkenya mpole aliyevaa tai kila siku, alitoka akilalamika kuwa simu yake imekufa katikati ya maneno. "Ni masomo, bwana mkubwa," Sajini alimwambia, akauunga waya kwa mikono yake.

Nikapewa kazi ya kutafuta njia ambayo mwizi hawezi kuikata kwa koleo. Simu za mkononi zilipoingia nilizijaribu, lakini ujumbe nilioutuma asubuhi ulifika tukila chakula cha mchana. Ikabaki redio. Kila nyumba ingekuwa na antena, na zote zingetumia masafa mamoja, yaani njia moja ya hewani. Kwa kuwa yeyote mwenye redio angeweza kutusikiliza, Sajini aliagiza jina la mteja lisitajwe kamwe. Nyumba ingetambulika kwa namba tu. Nami nikaongeza ubunifu wangu: umeme ukikatika, kisanduku kiitaarifu kontroo papo hapo kwamba sasa kinatumia betri. Nilijivunia sana jambo hilo.

Namba kumi na tisa ilikuwa nyumba ya Mama Apio, muuguzi wa zamani na mjane wa polisi, akiishi mtaa wa Nsambya na wajukuu wawili. Siku hizo umeme ulikatwa kwa zamu, mtaa baada ya mtaa. Jioni moja zamu ya Nsambya ilifika, na wezi, waliojua ratiba kuliko sisi, wakaruka ukuta wake umeme ulipozimika tu. Mama Apio alibonyeza kitufe cha dharura, mara moja, mara mbili, mara kumi. Kontroo haikusikia kitu. Majirani ndio waliowafukuza wezi kwa kupiga masufuria.

Sababu niliijua kabla hatujafika kwake. Nyumba zetu zote za mtaa ule zilikuwa zimepiga kelele pamoja, tena na tena, kwenye njia ile ile moja kwamba umeme umekatika, na kilio chake kikazama humo.

"Tuseme tu ni shida ya umeme," Meneja alipendekeza.

"Umeme hapana panga hii mtambo," Sajini alisema.

Mama Apio hakutugombeza. Alitupa viti. Kisha akanitazama. "Mwanangu, mimi sijui redio. Niambie kitu kimoja: nikibonyeza, nitajuaje kama kuna mtu amesikia? Kama hujui, toa kisanduku chako, nitanunua sufuria kubwa."

Niliandika barua ya kuacha kazi. Sajini alinikuta nayo mezani.

"Hii ni ya ngapi?"

"Ya tatu, afande. Mbili hazikukaa vizuri."

"Bambi, maskini wewe! Hata kuacha kazi unapanga mara tatu!" Alicheka, akaikunja barua, akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Halafu akakaa. "Sikiliza. Jeshini, redio mingi, njia moja. Mkubwa akiita, wote wakijibu pamoja, hapana sikia mtu. Kwa hivyo kila mtu iko na namba. Unahesabu mpaka namba yako, unasikiliza kama njia iko wazi, ndiyo unasema. Lakini mwenye anapigwa risasi hapana hesabu. Yeye nasema, na narudia."

Vitabu vyangu vilikuwa na kurasa nyingi juu ya jambo hilo, lakini sikuwa nimeliona mpaka aliponieleza.

Tulizunguka nyumba zote. Kila kisanduku kilipewa muda wake wa kungoja kabla ya kutaarifu habari za umeme, na kitufe cha dharura hakikungoja: kilituma na kurudia. Redio zilizojua kusema tu tukaziondoa, tukaweka zinazosikia pia. Nyumba yenye simu iliendelea kuitumia kama njia ya pili. Kwa ajili ya swali la Mama Apio, tuliweka taa ya kijani ambayo haikuwaka mpaka mlinzi wa kontroo abonyeze jibu kwa kidole chake.

Jioni ya zamu iliyofuata nilisimama sebuleni kwake. Umeme ukaenda. Akabonyeza. Taa ikawaka.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Ni Sajini, mama. Yuko kontroo."

Aliigusa taa kwa kidole. "Haya, kaa unywe chai. Unaogopa kunishinda."

Tangu hapo alijaribu kitufe chake kila Jumamosi saa nne asubuhi. Sajini alistaafu, nikarithi kiti chake na koleo lake. Njia mpya zimekuja, na vijana huniuliza ipi ni salama zaidi. Mimi huwajibu kwamba sina imani na njia moja peke yake, wala na njia isiyorudisha jibu.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Jumamosi. Nilimwomba mlinzi wa zamu anipishe kidogo. Saa nne ikafika, namba kumi na tisa ikaita. Nikabonyeza jibu, nikaacha kidole hapo kitambo zaidi ya ilivyohitajika.