Sauti ya Karibu na Mlango

Hedifoni zile bado ninazo. Sponji za masikio zimekwisha kuwa unga mweusi unaoshika kwenye nywele, na waya nimeufunga plasta mahali pawili. Watu wakiniuliza kwa nini mtu wa mshahara wangu alinunua kitu kama hicho, huwa nasema napenda muziki. Si uongo, lakini si ukweli wote. Sasa naandika peke yangu na hakuna anayenikimbiza, kwa hivyo wacha nijaribu kusema vile ilivyokuwa. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, pengine nitapanga mambo vibaya.

Dada yangu mkubwa aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu, huko juu karibu na Kikima. Mwaka mmoja kwaya iliamua kurekodi kaseti. Studio zilikuwa Nairobi, na sisi hatukuwa na njia ya kufikisha watu arobaini Nairobi, kwa hivyo tulirekodi palepale kanisani kwa redio kaseti yangu. Tuliiweka juu ya kigoda, na chini yake blanketi iliyokunjwa ili isitetemeke. Mwalimu wa kwaya akanipa kazi ya kupanga watu, maana redio ilikuwa yangu. Kwa redio kama hiyo huwezi kupunguza sauti ya huyu na kuongeza ya yule. Unachoweza ni kumsogeza mtu. Wanaume wenye sauti nene niliwaweka ukutani, wasichana wa sauti nyembamba mbele. Mwenye kukohoa alikaa nyuma karibu na mlango, ili kikohozi kikimjia atoke nje asituharibie wimbo.

Dada alikuwa anakohoa tangu mavuno. Nilimwambia mbele ya wote, "Wewe rudi nyuma, karibu na mlango. Na ukisikia kifua kinaanza, toka."

"Haya, askari wa vikohozi," akasema. "Na nikipiga chafya utanifunga miezi mingapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Akaenda nyuma. Nataka kusema kwa haki: niliwarudisha wengine wawili pia siku hiyo, na mwalimu alikubali. Lakini wale wawili walipona.

Yeye tulimzika kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja.

Wakati huo nilikuwa nimeandikwa kazi ya stoo katika shule moja karibu na Kwa Vonza. Nilienda na redio yangu na kaseti ile. Kila jioni nilicheza wimbo wa tatu upande wa kwanza, ambao mwalimu wetu aliutunga mwenyewe na ambao dada aliupenda. Spika ya redio ile ilikuwa ndogo kama kifuniko cha kopo. Watu arobaini walitoka humo wakiwa uji mmoja. Nilijua dada yumo, lakini kujua si kusikia.

Mwalimu mmoja wa shule akaniona nimeweka sikio kwenye redio. Akaniazima hedifoni zake kwa saa moja tu. Nilishtuka. Ule uji uligawanyika, nikasikia watu. Nilipomrudishia, nilikuwa nimekwisha kuamua kununua zangu.

Duka la redio lilikuwa Kitui mjini. Mwenyewe alitoka upande wa Nyeri, akaoa kwetu na kukaa. Alikuwa na hedifoni za aina tatu, rahisi, za katikati na za ghali, zimening'inia kwa msumari mmoja.

"Chukua hii rahisi, bosi," akasema. "Vijana wote wanachukua hii. Inapiga ngoma mpaka meno yanacheza."

"Nataka kujaribu zote. Nimekuja na kaseti yangu."

"Ya nani?"

"Ya kwaya."

"Ya kwaya!" Akamgeukia mteja mwingine. "Huyu ameokoka mpaka masikioni."

Akaniruhusu, na hilo sitamnyima, maana maduka mengi hayakukubali uguse. Ile rahisi haikuwa mbaya kwa ngoma, alisema kweli. Lakini sauti za watu zilisikika kama zinatoka ndani ya debe, na ilinibana juu ya masikio. Ile ya ghali ilikuwa kubwa na laini, na plagi yake nene ilibidi itafutiwe kiunganishi. Nilipoivaa, kwaya ilikuwa mbali kama inaimba ng'ambo ya mto. Mwenye duka angeweza kunyamaza aniuzie, lakini aliniambia mwenyewe, "Hiyo inataka mashine kubwa. Redio yako haina nguvu ya kuisukuma. Utapeleka nyumbani pambo."

Kisha nikavaa ya katikati. Nilifunga macho. Wasichana walikuwa mbele, wanaume ukutani, vilevile nilivyowapanga. Na nyuma yao nikasikia sauti moja ya pili ya mwanamke, tulivu, inashuka taratibu na kukaa mwishoni mwa kila mstari bila kuyumba. Nikasema moyoni, ndiye.

"Inakufinya, bosi?" akauliza mwenye duka. "Mbona unatoa machozi?"

"Kidogo."

"Sponji italegea. Kichwa pia kinalegea."

Bei yake ilikuwa kama ya mbuzi jike mzuri. Nikalipa.

Karibu mwaka mzima niliisikiliza sauti ile. Sijui kama nilikuwa naomboleza au nilikuwa nimepata mchezo. Niliongea nayo. Nilijiambia kwamba kumweka karibu na mlango hakukumwibia chochote, kwa maana alisikika vizuri kuliko wote.

Krismasi nikaenda nyumbani nikampelekea mama yetu, ambaye wote tulimwita Mwaitu. Hakuwa amewahi kuvaa kitu kama hicho. Nilimvisha juu ya kitambaa cha kichwa, uani, mchana, amekaa na ungo wa mbaazi mapajani. Nikawasha.

"MBONA WAMEINGIA KICHWANI?" akapiga kelele, mpaka kuku wakakimbia.

"Mwaitu, usipige kelele. Mimi nakusikia."

"MIMI SIJISIKII!"

Tulicheka. Kisha mikono yake ikaacha mbaazi. Wimbo ulipokwisha nikamwondolea upande mmoja na kumwuliza, "Umemsikia? Yule anayeshuka na kukaa mwishoni?"

"Huyo?" akasema. "Aiee. Huyo si mtoto wangu. Huyo ni jirani, mke wa fundi wa mawe."

Nikamwambia pengine hajasikia sawasawa, si rahisi mara ya kwanza.

"Nimelima na yule mtoto akiimba tangu ana miaka sita," akasema, si kwa hasira. "Rudisha."

Nikarudisha. Akainua kidole, kama mtu anayekuonyesha ndege asitake aruke. "Hapa yuko." Kidole kikakaa juu, kisha kikashuka. "Sasa ameacha. Pumzi imekwisha." Kikapanda tena. "Yuko." Kikashuka. Alianza kila mstari na wenzake, lakini hakuna hata mmoja alioufikisha mwisho. Baada ya ubeti wa pili kidole kilishuka, na hakikupanda tena.

"Ametoka," akasema Mwaitu. "Si umesikia mlango?"

Mlango nilikuwa nimeusikia mara nyingi sana. Ni mlio mfupi wa bawaba, kwenye redio hausikiki kabisa. Hedifoni ndizo zilizonionyesha. Nilidhani ni upepo, na nilikuwa nikikasirika kwamba umetuharibia kaseti. Beti mbili zinazofuata, zile nilizozipenda na zilizonitoa machozi dukani, ziliimbwa yeye akiwa nje, akikohoa peke yake mahali ambapo hatatusumbua.

Sikumwambia Mwaitu ni nani aliyempanga pale. Pengine alijua, maana kwaya yote ilijua. Aliniuliza tu kama kile kitu kinaweza kusimama kabla ya mlango. Nikamwambia kinaweza. Tukasikiliza hivyo alasiri ile, yeye amevaa, mimi nimeshika kitufe nikitazama kidole chake. Kikishuka mara ya mwisho nabonyeza, narudisha, tunaanza tena. Sijui ni mara ngapi. Mbaazi hazikuchambuliwa.

Mwaka uliofuata nilimkuta yule mke wa fundi soko la Tawa. Nilisimama mbele ya ndizi zake nikitaka kumwambia kwamba ana sauti nzuri sana, kwa maana ndivyo ilivyo, na yeye hakumchukulia mtu nafasi. Aliimba pale nilipomweka. Nilitafuta maneno, nikaona nitamtisha. Akaniuliza kama nyumbani ni wazima.

Nikamwambia ni wazima, nikanunua ndizi.