Fundi wa Simu na Darubini ya Marehemu

Fundi wa simu aliye chini ya jengo letu, hapa Albert Park, hupuliza kila kitu kabla ya kukigusa: simu, betri, hata kiti anachokukaribisha. Huongea bisibisi ikiwa imebanwa kwenye meno, na vidole vyake vyembamba ni vitulivu kuliko ulimi wake. Nilimpelekea darubini ya kuonea gizani ya marehemu mume wangu, mwalimu wa fizikia, aitengeneze niikabidhi shule alikofundisha. Nikamweleza polepole jinsi majeshi ya Vita Kuu ya Pili yalivyojifunza kuona gizani: taa ya infraredi, ambayo mwanga wake jicho halioni, humulika mbele, na darubini hugeuza mwanga unaorudi kuwa picha ya kijani. Aliitikia kwa kichwa, akapuliza lenzi, kisha akawatangazia wateja kwamba chombo cha Mwalimu kinaona hata nyuma ya ukuta. Tangu siku hiyo majirani wananitazama kana kwamba mume wangu, mzee wa kanisa, aliishi akiwachungulia.

Jana nilishuka nikamkuta fundi akiwa na jirani yetu Mama Jeancy na wenzake. “Ukuta huzuia mwanga huo kama unavyozuia taa yoyote,” nikamwambia. “Lisafishe jina la Mwalimu, hapa hapa.”

“Pardon, Mama Mwalimu.” Alitoa bisibisi mdomoni, akawageukia wale wanawake kwa uso wa huzuni. “Bamama, musimuseme vibaya. Mwalimu alikuwa mutu wa heshima. Akifika kwa ukuta ya bafu, alikuwa anafunga macho.”